Fanicha za Dobi Zilizokataa Kukauka

Nimesumbuliwa vya kutosha. Tangu mvua zianze, binti wa ndugu yangu hanipi nafasi: shangazi andika habari ya Dobi, shangazi andika. Kwani yeye mikono yake imekatika? Ndiye aliyekaa shule mpaka akavishwa miwani. Mimi na darasa tulionana kidogo tu, kila mmoja akaenda zake. Lakini nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo, wanaotia chumvi mpaka haifai kutiwa mdomoni. Wapo wanaosema Dobi aligandisha mtu mpaka fundi akaja kumkata kwa msumeno. Uongo. Mtu aliganda, hilo sikatai, lakini msumeno haukuwapo. Basi nakaa naandika, na mtu asinisahihishe herufi.

Dobi ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Jina analo, ila ukiliita hageuki. Alifua nguo za hospitali tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha, na siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, akawauliza anaitakia nini ikiwa hawamtaki awahi popote. Shuka za wagonjwa, makoti ya madaktari, mapazia, vyote vimepita mikononi mwake. Ndiyo maana hatishwi na cheo cha mtu. Akitajiwa mheshimiwa fulani, hubenua mdomo: "Nimeshaziona shuka zake."

Anaishi kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yangu ikiwa na kuta bila paa. Paa alilipandisha yeye, kwa kufulia watu baada ya saa za kazi. Uani kuna chumba kimoja chenye mlango wake, na kamba za nguo za waya zinazokwenda ukuta hadi ukuta, zimekazwa mpaka ukizipiga kidole zinalia. Asubuhi asipoanika kitu siku yake haijaanza. Hata kama hana cha kufua, atafua kilicho safi.

Mwanawe ni mmoja tu. Tunamwita Karani kwa sababu ni karani, na pia kwa sababu hata akikusalimia utadhani anakuandikia barua. Si mtoto mbaya. Alikuja siku moja, akatazama dari lililochorwa ramani na maji, akakuna shingo.

"Mama, paa linavuja."

"Linavujia kwangu."

"Mimi ndiye ninayelipa fundi kila mvua."

"Basi usilipe. Nitakaa upande usiovuja."

"Mama, njoo ukae na sisi. Nyumba hii tuipangishe yote. Chumba chako kipo."

Chumba chenyewe Dobi alikijua. Ndimo wanamoweka ubao wa pasi na ile baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote. Ghorofa ya nne. Nguo zinakaushwa ndani ya mashine, hazijui jua lina sura gani. Na mkaza mwana wake, mke wa Karani, amebandika karatasi mlangoni inayoamuru viatu vivuliwe, kama vile ndani kuna kaburi la mtume. Dobi alikaa huko alipougua mguu. Alirudi mguu umepona, roho inachechemea.

"Siendi," alisema. "Nitapangisha chumba cha uani. Kodi itaziba paa, na wewe utapumzika."

"Chumba kitupu nani atakitaka, mama? Watu wanaohamishwa kikazi wanataka chumba chenye vitu."

"Basi nitatia vitu."

Karani akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Ukitaka Dobi asifanye jambo, mwombe alifanye. Ukitaka alifanye mpaka mwisho wa dunia, mcheke. Wakakubaliana pale pale, mimi nikiwa shahidi niliyekuwa namenya vitunguu vyangu: mwezi ukiisha bila mpangaji, Karani anakuja na maboksi, mama anafungasha. Mpangaji akipatikana, habari ya ghorofa ya nne isitajwe tena.

"Nakuja na maboksi kweli, mama."

"Njoo nayo. Nitayawashia moto."

Duka la fanicha mpya aliliingia mara moja. Msichana wa humo alimwonyesha kochi, akamtajia bei, na Dobi akauliza kama kwa bei hiyo na msichana mwenyewe anachukuliwa. Akatoka. Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa vitu vilivyokwisha kukaliwa.

Alianzia sokoni nyuma ya magereji, kwa dalali mmoja mwenye kijiti cha meno kisichotoka mdomoni.

"Mama mkubwa, kiti hiki kilikuwa cha jaji."

"Jaji mwenyewe alikuwa kilema?"

"Kinayumba kidogo tu."

"Unayeyumba ni wewe. Hiki kimetoka kwenye baa. Ona alama za sigara hizi. Jaji gani anazimia sigara kwenye kiti?"

"Mama, majaji huwajui."

Dobi alicheka mpaka akajishika mbavu, na kwa sababu ya kicheko hicho alimwonea dalali huruma, akamnyang'anya viti viwili badala ya kimoja kwa bei ile ile. Meza aliipata shuleni, walikokuwa wakitupa za zamani. Nzito, ya mbao kweli, lakini juu yake wanafunzi wa miaka mingi walikuwa wamechonga yaliyowakaa moyoni. Mwalimu mkuu alichorwa ana masikio ya punda. Chini yake kulikuwa na matusi, mengine hata mimi niliyafahamu kwa mara ya kwanza. Kabati la nguo lilitoka kwa bwana harusi mtarajiwa ambaye mchumba wake aliapa kwamba nguo zake hazitaingia ndani ya kabati la mwanamke aliyetangulia. Kitanda kilitoka mnadani, hospitali ile ile. Cha chuma, chenye mkono wa kuzungusha chini, ukizungusha mgongo unainuka na magoti yanapanda. Dobi alikitambua kabla ya kukifikia. "Hiki," alimwambia mnadishaji, "nimekifulia kuliko nilivyomfulia mume wangu."

Kochi ndilo lililokuwa na vituko. Kulikuwa na mwanamke mtaa wa pili aliyekuwa anamwacha mumewe, na ameona amwache vizuri, kwa hiyo alikuwa anauza vitu vyote nje ya mlango wakati mwenzie yuko kazini.

"Chagua upesi mama, anarudi saa saba."

"Nani?"

"Mwenye makosa."

Dobi alichagua kochi la mbao, la watu watatu, lenye mito minene. Mwenye mkokoteni akalifunga kamba. Hawajafika hata kona, mwanamume akaja mbio, tai imepinduka mgongoni.

"Kochi langu! Simamisheni! Hilo kochi langu!"

Dobi hakujibu. Alipanda juu ya mkokoteni, akakaa katikati ya kochi, akapanga mapaja yake vizuri.

"Mzee, sukuma."

"Mama, shuka. Hiyo mali yangu!"

"Ulilinunua wewe?"

"Tulilinunua!"

"Basi na mmeliuza. Nusu yako kadai kwa mwenzio."

Yule bwana akaning'inia kwenye mkono wa kochi, anaburuzwa viatu vikikwangua njia. "Yeye yuko wapi sasa?"

"Nilimwacha anatafutia kitanda mteja."

Mwanamume aliachia kochi kana kwamba limeshika moto, akageuka, akakimbia alikotoka. Hata sasa sijui kama alikiwahi kitanda au mke.

Hivyo vitu vikapatikana. Chumba kikajaa. Dobi alivisugua vyote kwa sabuni na maji ya moto, na mito ya kochi akaifua pamoja na sponji zake, akaianika. Mvua ikaja. Mito ikawa inaanikwa na kuanuliwa, inaanikwa na kuanuliwa, inazidi kunuka kama mbwa aliyeoga.

Siku mbili tatu baadaye akaona vumbi la mbao chini ya miguu ya kochi. Unga mwembamba, kama uliochekechwa. Mchwa. Mwingine angemwita fundi. Dobi hakuwahi kumwita mtu aje kumuulia mdudu. Alikwenda gereji na ndoo, akarudi na oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo kila mtu anajua mchwa hawaiwezi. Akaipaka kila penye mbao: kochi, viti, meza, kabati. Na kwa kuwa maisha yake yote amesuuza kila kitu mara mbili, akapaka mara mbili.

Sasa vitu vikawa vyeusi, vinanuka lori. Akanunua rangi ya mafuta, mabaki ya mkandarasi, kijani kile cha kuta za wodini. Nilimwambia, wifi, oili haijanywewa na mbao, ngoja kwanza.

"Ningoje nini? Mwezi unangoja?"

Akapaka. Na kwa kweli kwa mbali vilipendeza. Masikio ya punda yalifunikwa, sigara zilifunikwa, vitu vyote vikafanana kama ndugu wa tumbo moja. Ila havikukauka. Leo ukigusa, kidole kinarudi kijani. Kesho ukigusa, kijani. Kesho kutwa, kidole kinarudi kijani na weusi kwa chini. Dobi alivifungulia madirisha, akavipepea kwa sinia. Alivitukana. Vikabaki vinamtazama, vinang'aa.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika, na Karani amekwisha kutuma salamu kwamba atapita mchana. Hapo ndipo Dobi alipofanya lile ambalo dobi peke yake angelifikiria. Nguo ikilegea, dawa yake nini? Wanga. Kola ya daktari ikikosa heshima, inatiwa wanga, inasimama. Akachukua mfuko wa wanga wa nguo aliouweka tangu kazini, ule unga mweupe wenyewe, akazinyunyizia fanicha zote, akasugua kwa kitambaa, akapuliza. Akagusa. Kidole kikarudi safi! Akagusa tena. Safi. Aliniita nije nione, kiuno kimekaa upande kwa majivuno.

"Unaona? Mafundi rangi wote ni wezi. Wanasubiri wiki nzima kwa kitu cha dakika moja."

Nikagusa na mimi. Kikavu, laini kama shavu la mtoto. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba wanga unasimamisha kola mpaka pale shingo inapotoka jasho.

Hodi ilipigwa kabla ya mchana. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, sketi ya kijivu ya kazi, viatu vimechakaa upande. Mtaa mzima unamjua. Ni Bibi Mita, anayepita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kusoma mita, nimeshagombana nanyi mwezi huu. Rudi mwezi ujao."

"Leo sisomi. Mwenye duka la kona kaniambia una chumba."

Uso wa Dobi ukabadilika kama taa iliyowashwa. Unajua, huyu Bibi Mita alikuwa ametafuta chumba mtaa mzima. Kila alikobisha, mwenye nyumba alikumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mpira wa maji uliokuwa unaipita mita kwa nyuma bila kuisalimia. Alikuwa analala kwa dada yake sebuleni, miguu ikitokeza kwenye korido. Dobi yeye hakuwa na mpira. Alikuwa na ugomvi tu, na ugomvi hausomwi na mita.

Akamfungulia chumba. Bibi Mita akasimama mlangoni, akazungusha macho.

"Mbona kila kitu rangi moja?"

"Ni seti."

"Hata kabati?"

"Seti kamili."

"Kunanuka gari humu, mama."

"Ni mbao ngumu hiyo. Ninyi watoto wa siku hizi mmezoea mbao za makaratasi."

Dobi, kwa majivuno yake yote, hakuwa amejaribu kukikalia kitu; alikuwa amepanga mgeni atazame amesimama, asifie, alipe, aende. Lakini mtu huyo alikuwa ametembea tangu asubuhi. Kabla Dobi hajafungua mdomo, Bibi Mita alishajishusha kwenye kochi, kwenye mbao tupu, kwa sababu mito bado ilikuwa inanuka mbwa uani. Akashusha pumzi ndefu. Akavua viatu.

"Mama, miguu hii. Leo nimekimbizwa na bata bukini."

"Simama nikuonyeshe dirisha."

"Nalionea hapa hapa. Yaani bata bukini, mama, ana hasira kuliko mwenye nyumba."

"Dirisha hilo ukilitazama umesimama ni zuri zaidi."

"Nitalitazama nikihamia." Akaendelea kusimulia, kastarehe, joto la mwili wake linashuka taratibu kwenye mbao. Dobi alisimama mbele yake, jasho linamtoka, anajibu ndiyo na hapana kwa kubahatisha. Kodi waliitaja, hawakubishana. Masharti waliyataja. Bibi Mita akasema anakipenda chumba, akasema ngoja atoe kidogo cha kutangulizia, akainuka.

Kochi likainuka naye.

Likafika kimo cha kiganja, likaanguka puu, na yeye juu yake.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Kochi lako limenishika."

"Limekupenda."

"Mama!"

"Usikurupuke. Ukikurupuka utaacha sketi. Lete mikono."

Dobi akakanyaga ubao wa mbele kwa mguu mmoja, akamkamata mikono yote miwili, akavuta. Nilikuwa dirishani, nilisikia mwenyewe: sauti kama ya bandeji inayotolewa kwenye kidonda cha mtu mkubwa. Bibi Mita akatoka, wakaangukiana hadi ukutani. Alipogeuka, sketi yake ya kazi ilikuwa na mistari kwa nyuma, kijani, weusi, kijani, na kando kando wanga mweupe, kama mnyama ambaye bado hajapewa jina.

Alijitazama kwa shingo. Akausoma mstari mmoja mmoja. Ni mtu anayesoma wenzake kila siku, na sasa amesomwa yeye.

"Hii sketi ya ofisi," alisema. "Ninayo hii tu."

"Vua."

"Nivue?"

"Miaka yote niliyofua, sijawahi kufua nguo ikiwa na mtu ndani."

Akampa shuka, akamwekea kitambaa mabegani, akachukua sketi mbio kama muuguzi aliyekabidhiwa mtoto. Mafuta ya taa kwanza. Kisha sabuni ya mche. Kisha maji ya moto. Kisha tena. Oili ilitoka, rangi ilitoka nusu, nusu ikaamua kubaki. Dobi alifua mpaka vidole vikajikunja. Alipoianika ikaanza kunyunya mvua, na sketi ikaanuliwa, ikapelekwa juu ya jiko. Chumbani, Bibi Mita hakuwa na pa kukaa tena isipokuwa kitanda, ambacho ni cha chuma, mchwa hawakitaki, kwa hiyo hakikupakwa chochote. Akajilaza kidogo. Dobi, kwa aibu, akamzungushia mkono wa kitanda mpaka mgongo ukainuka na magoti yakapanda. Mtu ambaye amelala sebuleni kwa dada mwezi mzima, umemwinulia mgongo na magoti! Alikoroma kabla Dobi hajafika mlangoni.

Na hapo Karani akaingia uani na mkewe, na maboksi chini ya kwapa, yamekunjwa vizuri.

"Mama, tumekuja."

"Nawaona. Semeni polepole, kuna mtu amelala."

"Mtu gani?"

"Mpangaji."

Mkaza mwana akachungulia mlangoni mtu aliyejifunga shuka, akatazama sketi juu ya jiko. "Mama, umemwokota wapi?"

"Aliokotwa na miguu yake, amekuja mwenyewe."

Wakaingia kuhakikisha. Karani akasimama akiegemea kabati, kama mtu mwenye nyumba. Mkaza mwana, ambaye hakai juu ya vitu vilivyokaliwa na watu, aliweka mkoba wake juu ya meza akaanza kuhesabu makosa: harufu, rangi, ukuta, mwanamke asiyevaa nguo. Wanazungumza kwa kunong'ona, ule mnong'ono unaosikika hadi barabarani.

"Mume wangu, mwambie mama ukweli. Huyu si mpangaji. Huyu ni mtu aliyelowa, akapewa pa kujisitiri."

"Mama, kalipa?"

"Alikuwa anatoa."

"Alikuwa anatoa, hajatoa." Karani akapumua. "Mama, mwezi umeisha. Tulikubaliana. Ulisema mwenyewe mbele ya shangazi."

Dobi aligeuza uso. Nilimwona kwa macho yangu, mikono yake imevimba kwa mafuta ya taa, anatazama kamba zake kupitia mlangoni. Nikajua anazihesabu. Anajua huko ghorofani hakuna hata msumari wa kufungia kamba moja.

"Nani anapiga kelele?" ikauliza sauti kutoka kitandani.

Bibi Mita alikuwa ameamka, ameketi vizuri bila kufanya juhudi kwa sababu kitanda kilikuwa kimeshamketisha. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta namba ya mita.

"Samahani, dada," Karani akasema. "Wewe ni mpangaji au si mpangaji?"

"Nitakuwa, kwa sharti moja. Kochi litoke. Na viti. Na meza, na hilo kabati. Mimi nina vitu vyangu kwa dada yangu, vikavu. Chumba nakitaka kitupu."

Ungedhani Dobi ataruka kwa furaha. Wewe humjui. Alikunja uso, akakunja mikono.

"Chumba hiki kinapangishwa na vitu vyake."

"Vitu vyenyewe vinauma watu, mama."

"Vitakauka."

"Lini?"

"Vikitaka."

"Basi nitarudi vikitaka." Akaanza kushusha miguu.

Na hapo, nakwambia, mambo yakageuka kama chapati. Karani, aliyekuja kumhamisha mama yake, alisikia kodi ikishuka kitandani, akafikiria fundi wa paa, akafikiria na baiskeli yake ya mazoezi, nadhani. "Mama! Mtu anataka chumba! Kitupu! Ndicho ulichokuwa nacho mwanzo!"

"Ulisema kitupu hakitakiwi. Nimetafuta vitu. Nimepanda mkokoteni, nimetukanwa na mume wa mtu. Leo unaniambia kitupu?"

"Nilikosea, mama."

"Sema tena, shangazi yako hajasikia."

"Nilikosea!"

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza, lakini mtu akikiri hadharani huwezi kumkatiza.

Dobi akakunjua mikono. Akatazama fanicha zake, zile za kijani, ndugu wa tumbo moja. Akatazama tena nje, kamba zinadondosha maji. Nilimwona akimeza kitu kikubwa bila maji.

"Vitatoka," alisema. "Ila kitanda hakitoki. Kitanda kikitoka, na wewe toka."

Bibi Mita aligusa godoro, akatazama magoti yake yaliyoinuliwa. "Nani kasema kitanda kitoke?"

Basi. Akatoa cha kutangulizia pale pale, akiwa amejifunga shuka, na Dobi akakipokea kwa mikono miwili bila kukihesabu, kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mwanawe. Kisha akamgeukia Karani.

"Wewe mwenye kusema ulikosea. Shika huko kwenye kochi."

Karani alitaka kujiondoa kwenye kabati. Bega la koti lake halikutaka. Mkaza mwana akachukua mkoba wake juu ya meza, mkoba ukaja, na ngozi ya chini yake ikabaki mezani, pamoja na masikio ya punda yaliyoanza kuonekana upya. Alipiga kelele moja nyembamba.

"Vua koti, mwanangu," Dobi akasema kwa upole wa kutisha. "Mkoba nao uache. Vyote leo vinafuliwa."

Hivi ndivyo Karani alivyobeba fanicha kwenye mvua, akiwa na shati tu, mkewe akishika mlango, kochi, meza, viti, kabati, vyote vikaingia sebuleni kwa mama yake, na ukiacha kiti kimoja, hakuna kilichotoka humo tangu siku ile. Maboksi walitandika sakafuni vitu visigande na saruji. Bibi Mita alihamia kesho yake. Sketi yake bado ina kivuli cha mistari, na ofisini wanamwuliza, anawaambia ni mtindo. Paa limezibwa upande wa jikoni. Upande mwingine Dobi anasema hauvuji, ila unatoa jasho.

Fanicha bado hazijakauka. Kijani kwa juu, weusi kwa chini. Kiti kimoja cha baa alinipa mimi, zawadi, kwa kuwa shahidi mzuri, na huwezi kumrudishia Dobi zawadi ukabaki na wifi. Kipo hapa chumbani kwangu, kinaning'inia ukutani ili paka asikikalie tena. Manyoya aliyoacha bado yapo.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma mpaka hapa bure, umecheka bure, wakati mimi kidole kimevimba kwa kalamu: chukua msasa na kipande cha kioo, uje unikwangulie kiti hiki mpaka mbao yenyewe ionekane. Njoo asubuhi. Usivae nguo unayoipenda.